Anga la Garsen na Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

Mji wa Garsen, ulioko kando ya Mto Tana katika Kaunti ya Tana River, upo takriban digrii mbili na robo kusini mwa ikweta, na nafasi hiyo, ambayo kwa abiria wa basi la Lamu haina maana yoyote zaidi ya joto na vumbi, kwa mtazamaji wa nyota ni bahati ambayo wakazi wa London, Cairo na hata Johannesburg hawakupewa. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mtu aishiye mbali na ikweta hufichiwa sehemu fulani ya anga maisha yake yote: Mwingereza akiwa kwao hazioni kamwe nyota za Salibu, na mkazi wa Tierra del Fuego, kwenye ncha ya kusini ya Amerika, hazioni kamwe nyota saba za Dubu Mkubwa. Garsen haina hasara hiyo. Mzunguko wa mwaka mmoja humpitishia mtazamaji wa hapo karibu kila nyota inayoonekana kwa macho matupu, iwe ya kaskazini au ya kusini, na katika mwezi wa Mei, mawingu ya masika yakimwachia nafasi, saa tatu usiku huweza kuiona Salibu upande wa kusini na Dubu Mkubwa upande wa kaskazini kwa wakati mmoja, zote zikiwa zimeinuka kwa kimo kinachokaribiana.

Nyota moja mashuhuri ndiyo isiyoonekana hapo, nayo ni Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa Garsen hubaki chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Jambo hilo manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua kabla ya vitabu vya kisasa kuandikwa, kwa sababu chombo kilichotoka Oman kuja pwani ya Waswahili kiliiona nyota hiyo ikishuka usiku baada ya usiku, na kimo chake, kilichopimwa kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, ndicho kilichowaambia mabaharia wamefika wapi. Ilipozama kabisa walitegemea nyota nyingine, na miongoni mwa hizo iliyoheshimika sana ni Suheli, nyota ya pili kwa mng'aro katika anga lote la usiku, ambayo jina lake lilikita katika lugha kiasi kwamba katika Kiswahili cha zamani upande wa kusini wenyewe uliitwa suheli. Yeyote anayedhani kwamba elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na mienendo yake, ni jambo geni lililoletwa na shule za kikoloni, ana neno hilo moja la kumrekebisha.

Nyota ni nini hasa? Kwa maelezo mafupi, nyota ni tufe kubwa sana la gesi yenye joto kali ambalo hutoa nuru yake lenyewe, tofauti na sayari, ambayo humulikwa tu. Zuhura na Mshtarii, ambazo mara nyingi hung'aa kuliko nyota zote za jioni, si nyota bali ni sayari, na nuru yao ni ya kuazima kutoka kwa Jua. Jua lenyewe ni nyota, tena nyota ya kawaida, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.39, ambacho ni sawa na dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Usoni joto lake ni kama digrii 5,500 za Selsiasi, lakini katika kiini hufikia digrii milioni 15, na ni katika joto hilo ambapo viini vya haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, hugongana na kuungana kuwa viini vya heliamu. Kila sekunde Jua hugeuza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heliamu, na katika mgeuzo huo kiasi cha tani milioni nne hupotea kama maada na kuwa nishati, yaani nuru na joto linalokausha mpunga na samaki huku Tana Delta. Limekuwa likifanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6, na lina akiba ya kutosha kwa miaka mingine bilioni tano hivi.

Swali la haki hapa ni kwa nini tufe la gesi yenye joto hivyo halilipuki likatawanyika, au kwa nini halijiporomokei. Jibu laweza kueleweka kwa mtumbwi wa Mpokomo mtoni, ambao uzito wake huusukuma chini huku maji yakiuinua, nao hukaa mahali ambapo nguvu hizo mbili zimelingana. Mzigo ukiongezwa, mtumbwi hutitia kidogo, kisha hutulia tena. Katika nyota, nguvu ya mvutano huikusanya gesi yote kuelekea katikati, na mkandamizo wa joto litokalo kiini huisukuma nje, na maisha yote ya nyota, tangu kuzaliwa hadi kufa, ni habari ya mizani hiyo kati ya kuanguka na kuinuliwa.

Umbali wa nyota ndio unaowashinda wengi kuufikiri. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote lingelifikia Jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150, baada ya miaka zaidi ya 210, na lingeifikia Proxima, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, kwa takriban miaka milioni 57. Kwa sababu kilomita hazifai tena kwa hesabu za namna hiyo, wataalamu hutumia mwaka wa nuru, ambao, pamoja na jina lake, si kipimo cha muda bali ni kipimo cha umbali: ni masafa ambayo nuru, inayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huyakata kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni tisa na nusu hivi. Nuru ya Jua huchukua dakika nane na kidogo kufika Garsen, ya Proxima miaka minne na robo, na ya Suheli takriban miaka 310, maana yake nuru ya Suheli inayoingia machoni mwa mtu leo iliondoka huko katika zama ambazo Waomani na Wareno walikuwa bado wakiigombea Mombasa. Anayetazama juu, basi, hatazami kilichopo bali kilichokuwapo, na kadiri atazamavyo mbali ndivyo atazamavyo zamani.

Rangi nazo zina habari yake. Mhunzi ajuaye kazi yake husoma joto la chuma kwa rangi, kwa kuwa chuma huanza kwa wekundu, kikawa cha manjano, kisha kikakaribia weupe, na nyota hufuata kanuni hiyohiyo. Kundinyota la Jabari, ambalo vitabu vya Ulaya huliita Orion, lafaa kuwa somo la kwanza, kwani mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, nyota tatu za mkanda wake hupita utosini mwa mtu wa Garsen, na moja kati ya hizo, iitwayo Alnitak, hukosea kituo cha juu kabisa cha anga kwa chini ya nusu digrii. Upande wa kaskazini wa mkanda ipo Betelgeuse, nyekundu, yenye joto la usoni kama digrii 3,300 tu, ila kubwa kiasi kwamba ingewekwa mahali pa Jua ingeimeza dunia na hata sayari ya Mirihi; upande wa kusini ipo Rigel, nyeupe yenye kuelekea buluu, yenye joto linalopita digrii 11,000. Jina Rigel latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu, na majina mengi ya nyota yanayotumika leo duniani kote yana asili hiyo, ingawa matamshi ya Wazungu yameyapinda. Mwishoni mwa mwaka 2019 Betelgeuse ilififia ghafla hata wengine wakadhani imekaribia kufa, lakini katika mwaka uliofuata ilirudisha mng'aro wake, na ikafahamika kwamba wingu la vumbi ililolitoa yenyewe ndilo lililoiziba.

Kando kidogo ya mkanda huo kuna doa la ukungu linaloonekana bila chombo chochote usiku usio na mwezi, nalo ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 na zaidi, ambamo nyota mpya zinazaliwa hivi sasa. Kuzaliwa kwenyewe si jambo la ghafla: sehemu ya wingu hujikusanya kwa mvutano wake, hukandamizwa, hupata joto, na kiini kinapofikia joto la kuunganisha haidrojeni, nyota huwa imewaka. Mara nyingi huzaliwa kwa makundi, na kundi lijulikanalo zaidi kwa Waswahili ni Kilimia, ambacho jina lake lenyewe latokana na kulima, kwa kuwa kutoweka na kuzuka kwake kulihesabiwa na wakulima pamoja na majira ya mvua na kiangazi. Macho hutofautisha nyota sita au saba katika Kilimia, lakini darubini huonyesha zaidi ya elfu moja, zote zikiwa ndugu wa umri wa takriban miaka milioni 100, ambao kwa nyota ni utoto. Upande wa wafugaji, Waborana, ambao Waorma wa Tana ni ndugu zao kwa lugha na asili, wana kalenda inayofuata mwezi mwandamo pamoja na nyota maalumu, Kilimia kikiwamo, yenye miezi 12 na siku 354, na ambayo wataalamu wao huisoma kwa macho bila kifaa.

Kufa kwa nyota hutegemea uzito wake, na hapa kanuni huenda kinyume cha matarajio, kwa sababu nyota nzito, ingawa ina akiba kubwa ya haidrojeni, huitumia kwa pupa na kufa mapema. Nyota yenye uzito wa Jua huishi takriban miaka bilioni kumi, kisha huvimba na kuwa jitu jekundu, ikayapeperusha matabaka yake ya nje, na kubakiza kibeti cheupe, yaani kiini kilichoshindiliwa hadi kufikia ukubwa wa dunia, ambacho hupoa polepole kama kaa lililotolewa jikoni. Nyota yenye uzito wa Jua mara kumi haimalizi hata miaka milioni 30. Ndani yake heliamu hugeuka kaboni, kaboni hugeuka elementi nzito zaidi, mpaka hatua ya chuma, ambayo haitoi tena nishati. Mizani huvunjika, kiini huporomoka kwa muda usiofikia sekunde moja, na nyota hulipuka kwa mlipuko uitwao supanova. Mlipuko wa namna hiyo ulionekana tarehe 24 Februari 1987 katika anga la kusini, na kwa miezi kadhaa uliweza kuonekana kwa macho matupu. Chuma cha jembe na chuma kilichomo katika damu ya mwenye kulishika vilitoka katika nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Kinachobaki baada ya mlipuko ndicho kilichowasumbua wataalamu kwa miongo mingi. Hesabu zilionyesha kwamba kiini kilichoporomoka chaweza kuwa nyota ya nyutroni, tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi, ambalo lingeenea kati ya Garsen na vijiji vyake vya jirani, lakini lenye uzito kuliko Jua zima. Na kikiwa kizito kupita mpaka fulani, hakuna nguvu iwezayo kukizuia, nacho huporomoka hadi kuwa shimo jeusi, mahali ambapo mvutano ni mkali kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Hayo yalikuwa ya kwenye karatasi. Ili yathibitishwe, ilibidi kitazamwe kitu kisichoonekana, na chombo kilichoanza kazi hiyo kwa ukamilifu kilirushwa kutoka baharini, katika ghuba ileile ambayo Mto Tana humwagia maji yake.

Ghuba hiyo ni Ungwana. Upande wake wa kusini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi na kiasi cha kilomita 75 kutoka Garsen kwa mstari ulionyooka, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Roma, waliweka katika miaka ya 1960 majukwaa yaliyosimamishwa baharini kwa miguu ya chuma: San Marco, la kurushia roketi, na Santa Rita, la kuongozea kazi. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka hapo iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ileile inayoipendelea Garsen, yaani ukaribu na ikweta. Dunia ikijizungusha, sehemu za ikweta hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea huko huanza safari yake ikiwa tayari na kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Mbele yake ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoanguka havimdhuru mtu. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka eneo lenye chembe nyingi za umeme juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo huvuruga vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi huo, akaiita Uhuru kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Ni haki kusema kwamba jina hilo limesahauliwa nyumbani kuliko ugenini: mwanafunzi wa falaki wa Tokyo au Boston hukutana nalo mapema katika masomo yake, ilhali wengi wanaovuka daraja la Tana kila siku hawajapata kusikia kwamba neno lao limo katika historia ya sayansi.

Uhuru haikubeba darubini ya kawaida. Ilibeba vifaa vya kuhesabu eksirei, yaani miale ya jamii moja na nuru lakini yenye nguvu zaidi, ileile inayotumika hospitalini kupigia picha ya mifupa. Eksirei kutoka mbinguni hazifiki ardhini, kwa kuwa hewa huzimeza zote, jambo ambalo ni rehema kwa viumbe na kizuizi kwa wataalamu. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walirusha roketi iliyokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, wakagundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge. Roketi nyingine zilifuata na vyanzo vingine vikapatikana, lakini kuchunguza anga kwa dakika tano tano ni sawa na kuisoma barua kwa mwanga wa radi. Uhuru ilibadilisha hali hiyo, kwa kuwa ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikilipitia anga lote kipande kwa kipande kama mlinzi wa usiku azungushaye macho, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1973.

Ilichokiona hakikufanana na anga tulivu la macho. Katika kundinyota la Kantori ilichunguza chanzo kiitwacho Centaurus X-3, kilichopiga kama mshipa wa damu kila sekunde 4.8, na ambacho kila baada ya siku mbili na saa chache kilizimika kwa muda, kisha kikawaka tena. Maelezo yakapatikana: ni nyota ya nyutroni inayojizungusha, na ambayo yenyewe inaizunguka nyota kubwa ya kawaida, na inapopita nyuma ya mwenzake hufichika. Gesi ya nyota kubwa huvutwa na ile ndogo, huzunguka na kuanguka kama maji yaingiayo kwenye shimo la bomba, na katika kuanguka hupata joto la mamilioni ya digrii, ambalo ndilo litoalo eksirei. Nyota iliyokufa, kwa maneno mengine, huonekana kwa sababu inamla jirani yake.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilikuwa na tabia ya ajabu zaidi. Eksirei zake zilipandapanda na kushuka kwa vipande vidogo vya sekunde, bila mpangilio wowote. Jambo hilo lilikuwa na maana nzito, kwa sababu kitu kizima hakiwezi kubadilika kwa haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Kinachobadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi kilomita 30,000 kwa upana, nacho, kwa vipimo vya nyota, ni kitu kidogo mno. Wachunguzi wa darubini za ardhini wakatafuta mahali hapo, wakakuta nyota kubwa ya buluu inayoyumba huku na huku kila siku 5.6, kana kwamba inacheza ngoma na mwenzi asiyeonekana. Uzito wa mwenzi huyo, uliokadiriwa kutokana na kuyumba huko, ulizidi kiwango ambacho nyota ya nyutroni inaweza kustahimili. Ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuwa mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa cheo cha shimo jeusi. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aliweka dau katika miaka ya 1970 kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaliweka umbali wa takriban miaka ya nuru 7,200 na kulipa uzito wa Jua mara 21. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Nyota hizo zote, zilizo hai na zilizokufa, ni wakazi wa mji mmoja mkubwa uitwao galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na gesi, vumbi na maada nyingine isiyoonekana, ulioshikamana kwa mvutano. Galaksi yetu ni Njia ya Maziwa, sahani pana yenye kipenyo cha takriban miaka ya nuru 100,000 na nyota zisizopungua bilioni 100, na Jua limo ndani yake, umbali wa miaka ya nuru 26,000 kutoka katikati. Mtu aliyesimama ndani ya shamba la mahindi yaliyokomaa haoni umbo la shamba bali huona mabua yamejipanga pande zote, na vivyo hivyo aliye ndani ya sahani ya nyota huiona kama ukanda mweupe unaolizunguka anga. Katika mwezi wa Agosti, saa tatu usiku, sehemu nene ya ukanda huo hupanda juu sana Garsen, ikiwa na mistari myeusi katikati inayoigawa kama Tana inavyogawanyika kuelekea Kipini, na mistari hiyo si nafasi tupu bali ni vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Nyuma ya vumbi hilo, katika upande wa kundinyota la Mshale, ndipo palipo kitovu cha galaksi, na humo shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni nne, ambalo picha ya kivuli chake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Jua pamoja na sayari zake zote hukizunguka kitovu hicho mara moja kwa kila miaka milioni 230 hivi.

Hadi miaka mia moja iliyopita wataalamu wengi waliamini kwamba Njia ya Maziwa ndiyo ulimwengu wote. Ufunguo wa kuivunja imani hiyo ulitoka katika anga la kusini, ambalo Garsen inaliona na Ulaya hailioni. Kuna mabaka mawili meupe yaitwayo Mawingu ya Magellan, kama vipande vilivyomeguka kutoka kwa Njia ya Maziwa: kubwa huonekana vizuri upande wa kusini jioni za Januari na Februari, na dogo jioni za Novemba. Henrietta Leavitt, aliyekuwa mkokotoaji katika kituo cha falaki cha Harvard, alichunguza picha za wingu dogo, na mwaka 1912 akatangaza kwamba aina fulani ya nyota zinazopunguza na kuongeza mng'aro hufuata kanuni: inayobadilika polepole zaidi ndiyo yenye nuru kubwa zaidi. Kwa kanuni hiyo, kuhesabu siku za mabadiliko kunatosha kujua nguvu halisi ya nyota, na kulinganisha nguvu hiyo na mng'aro unaoonekana hutoa umbali, kama vile mtu ajuaye ukali wa taa ya gari anavyokisia gari liko wapi barabarani. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliikuta nyota ya aina hiyo katika baka la Andromeda, na hesabu ikamwonyesha kwamba liko mbali mno kuwa sehemu ya Njia ya Maziwa. Likawa galaksi kamili. Umbali wake unaokubaliwa leo ni miaka ya nuru milioni mbili na nusu, na ndicho kitu cha mbali zaidi ambacho watu wengi wanaweza kukiona kwa macho yao. Wiki ya mwisho ya Novemba, saa tatu usiku, huwa nusu ya njia kutoka upeo wa kaskazini hadi utosini, mfano wa moshi mdogo usiotawanyika. Mawingu ya Magellan nayo ni galaksi, ndogo na za jirani, na supanova ya mwaka 1987 ililipuka ndani ya lile kubwa.

Galaksi nazo hukaa kwa makundi, mengine yenye maelfu, na hapa setilaiti ya Uhuru inarudi katika habari. Ilipoyapitia makundi makubwa, kama lile la kundinyota la Perseus, iligundua kwamba eksirei hazitoki katika galaksi zenyewe peke yake bali katika nafasi iliyo kati yao, na ikabainika kwamba nafasi hiyo, iliyodhaniwa kuwa tupu, imejaa gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na kwamba gesi hiyo kwa jumla ina uzito kuliko nyota zote za kundi. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika makundi ya galaksi ilikuwa imefichika mbele ya macho ya kila mtu, mpaka chombo kilichotoka Ungwana kikaiona.

San Marco ilirusha setilaiti nyingine za falaki, zikiwamo SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, na urushaji wa mwisho ukafanyika Machi 1988. Kituo cha nchi kavu cha Ngomeni kinaendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti, na Kenya ina shirika lake la anga tangu mwaka 2017. Mwalimu wa Ngao au wa Tarasaa, huku Tana Delta, anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake somo hili hahitaji kusubiri darubini. Ahitaji usiku usio na mwezi, mahali palipo mbali kidogo na taa za mji, na dakika 20 za kuyazoesha macho giza.

Uhuru yenyewe ilirudi katika hewa na kuungua mwaka 1979, ikiwa imeacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Toleo la nne la orodha hiyo ndilo linalotumika hadi leo kuvitaja, kwa namba inayotanguliwa na alama 4U. Upande wa Mshale, karibu na mahali panapopita sehemu nene ya Njia ya Maziwa juu ya Garsen katika usiku wa Agosti, kipo chanzo kiitwacho 4U 1820-30, ambacho ni kibeti cheupe kinachoizunguka nyota ya nyutroni mara moja kwa kila dakika 11, na herufi U katika jina lake ni ya neno Uhuru.